Mzinga wa Kiyungi

Saa kumi na nusu alfajiri, baridi ya Julai,
gari tumeliacha kwenye mchanga wa mto uliokauka
kusini mwa Sikonge, taa zimezimwa.
Mgeni akanitia mkononi kile kidude chake,
kizito kama tochi ya betri nne,
tofauti ni kwamba hakitoi mwanga:
kinakunywa.

"Chenye joto ni cheupe," Mrisho akatafsiri kwa miayo,
"kisicho na joto ni usiku."
Mlekwa, askari wa pori, akakumbusha mara ya tatu:
kutazama ruksa, risasi mpaka jua lituone sote.

Miaka kumi na tisa nimelisoma pori hili kwa vidole.
Mavi ya nyati nayachoma kwa kidole cha shahada:
yakiwa vuguvugu, tunanyamaza,
yakiwa baridi, tunakula kwanza.
Leo kidole changu kimeletwa kwa ndege,
kina kamba ya shingoni
na dhamana ya miaka mitatu.

Nikatazama.
Sungura, punje ya mchele kwenye mkeka mweusi.
Kanga wanne tawini, makaa yaliyosahauliwa.
Halafu nyati, amelala, mpana, hatikisiki,
moyo ukanipiga mpaka masikioni,
kumbe kichuguu
kinalirudisha polepole jua la jana.
Mrisho alicheka. Nami nikacheka, ila kidogo.
Kwa macho yangu matupu
hakuna kichuguu kilichowahi kunidanganya.

Nikaegemea mtundu ili nitulize mkono.
Nilipouondoa, kiganja kilibaki kwenye gome,
vidole vitano vyeupe vikififia
kama maandishi ya maji juu ya jiwe,
gumba la mwisho kuondoka.
Sikujua kwamba nagusa hivi.
Miti yote niliyoishika tangu utoto,
na kila mmoja ulinishika nao, dakika moja,
nikiwa nimekwisha kuupa mgongo.

"Korongo?" mgeni akanong'ona.
Kiswahili chake chote ni hicho,
na hulitamka kama mtu aitaye mwanawe.

Nikainua kioo kidogo,
na pale, kwenye panda ya myombo uliopinda,
jicho la rangi ya maziwa.
Halina miguu. Halikimbii.
Limejaa tu, kama mwezi uliotundikwa na mtu.

Mtu huyo alikuwa baba.
Gome alilibandua mwenyewe mwaka wa mvua nyingi,
akalishona kwa vijiti, akalipandisha kwa kamba za miti,
na alipofariki tulihesabu mizinga yake mia na ishirini
na huu tukauandika mtupu.
Kaka yangu Kasele aliugonga kwa fimbo: kimya.
"Wamehama," akasema. Tukauacha
kama watu wanavyoiacha namba ya marehemu kwenye simu,
haipigwi, haifutwi.

Wamerudi lini, sijui.
Wamo, elfu kwa elfu, wamebanana gizani,
wanajitetemesha ili malkia asipate baridi,
na joto lao linavuja kwenye mishono
ile ile aliyoishona.

"Korongo?"
Nilitikisa kichwa. Nikamrudishia kidude
kikiwa kimegeukia upande wa mto.

Jua lilipotoka tulifuata nyayo kwa njia yangu ya kale.
Saa tatu akampata korongo wake, dume, pembe nzuri.
Kivulini, wakati Mlekwa anaandika kwenye kitabu chake,
niliomba kutazama tena.
Masikio yalitangulia kuwa meusi, kisha kwato.
Tumbo lilikawia.
Nilisimama nalo mpaka Mrisho akaniita mara mbili.

Jumapili nitarudi na kamba na moshi.
Kasele nitamwambia baba alinijia usingizini
akanionyesha mti.
Habari za kidude hataziamini;
ndoto, ataamka kabla yangu.